Aliyetimiza Miaka, Ajibiwe

Tangu Amri ya Sultani wa Oman namba 17 ya mwaka 2025, yenye sheria mpya ya uraia, ilipotolewa Februari 2 mwaka huo, ni nadra nikae barazani kwangu Matrah, Maskati, jioni ikapita bila mtu kunijia na swali lilelile: "Bibi, miaka yangu inatosha?" Muulizaji huwa ametoka Tanga, Mombasa, Unguja au Moroni. Mkononi ana mfuko wa nailoni wenye pasi za zamani zilizokatwa pembe, mikataba ya kazi na bataka, yaani kadi za ukaazi, zilizokwisha muda. Anataka nimsomee Kiarabu kilichomo, kisha nimhesabie.

Nawahesabia. Lakini kila ninapomaliza hesabu moja nazidi kuamini kwamba miaka peke yake haimtoshi mtu. Nchi ikimwekea mgeni idadi ya miaka ya kukaa kabla ya kuomba uraia, naye akaikaa, nchi hiyo ina deni kwake. Inamdai utii, naye anaidai jibu: ndiyo au hapana, kwa sababu inayosomeka, na kwa wakati unaojulikana. Nalisema hili kwa Oman, nchi niliyolelewa na kuitumikia, na nalisema kwa Tanzania na Kenya vilevile, maana huko nako majibu yamekuwa adimu.

Kwanza nieleze nazungumza kutoka wapi. Nilizaliwa Unguja. Babu yangu alitoka Sharqiya, mashariki mwa Oman, akavuka kwenda kulima karafuu. Baba yangu alizaliwa kisiwani, nami vivyo hivyo. Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 akawaita Waomani walioko nje warudi wajenge kwao, na baba akaitika. Tulipita Mombasa, tukapita Dubai, tukafika Matrah wakati Bandari ya Sultan Qaboos ingali mpya, maana ilifunguliwa mwaka 1974. Shekhe wa kabila letu huko bara ya Oman aliandika kwamba anaijua nasaba yetu, na karatasi ile ikatosha. Tukawa raia.

Siku ile nilikuwa binti nisiyeweza hata kuomba maji kwa Kiarabu. Sikuwa nimeiona Oman, wala sikuijua njia ya kwenda kijijini kwa babu. Ningepewa mtihani wa Kiarabu unaotakiwa na sheria ya leo, ningeanguka. Kilichonipa uraia ni damu ya babu, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Kiingereza nilichosoma Unguja kikanipatia kazi ya ukarani kwa wakala wa meli hapo bandarini, kama kilivyowapatia wenzangu wengi waliotoka Afrika Mashariki kazi za maofisini, mashuleni na hospitalini wakati nchi ilipokuwa inahitaji watu waliosoma.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta naye ametoka Unguja. Alikuja kwa mkataba wa kazi ya ushonaji, akiwa na kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, bila nasaba ya kuandikiwa na shekhe yeyote. Kiarabu chake ni kizuri kuliko changu. Anajua kulia msibani kama wanavyolia watu wa Matrah, anajua ni duka gani la sokoni linalouza ubani safi wa Dhofar, na watoto wa mtaa mzima wamevaa nguo za Idi alizoshona yeye. Tumezeeka pamoja. Tofauti yetu ni kwamba mimi nikiamka asubuhi sihitaji kumwonyesha askari ila kitambulisho changu cha uraia, na yeye maisha yake yote hapa yameandikwa kwa vipande vya miaka miwili miwili.

Sasa tuisome sheria. Ile ya mwaka 2014 ilimtaka mgeni awe amekaa Oman miaka 20 ndipo aombe uraia wa tajnisi. Hii ya 2025 imepunguza hadi miaka 15 mfululizo, na ndani ya kila mwaka asiwe nje ya nchi zaidi ya siku 90. Awe anajua kusoma na kuandika Kiarabu. Awe na mwenendo mwema, asiwe amehukumiwa kwa kosa la kuvunja heshima au uaminifu. Awe na kipato halali kinachomtosha, awe na afya isiyo na maradhi ya kuambukiza, na akubali kuuacha uraia wake wa zamani. Ombi hupelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani, na uraia wenyewe hutolewa kwa amri ya Sultani. Waliooa au kuolewa na Waomani wana masharti yao mbali.

Ukisoma haraka, utaona mlango umefunguliwa kidogo zaidi, na ni kweli. Kupunguza miaka mitano ni jambo kubwa kwa mtu aliyekwisha kuanza kuota mvi. Taabu iko katika neno "mfululizo." Kwa mfanyakazi wa kawaida wa Ghuba, ukaazi hauna uhai wake wenyewe. Unaning'inia kwenye kazi, na kazi inaning'inia kwa mwajiri. Mwajiri akitikisika, miaka inakatika.

Nitatoa mfano wa mtu ninayemjua, mtu wa Pemba, karani wa kuhesabu mizigo gatini. Aliingia Oman mwaka 1996. Alikuwa anazijua meli kwa mlio wa honi. Mwishoni mwa Agosti 2014 serikali ikahamishia shehena zote za biashara Sohar, zaidi ya kilomita 200 kaskazini-magharibi, na bandari yetu ikaachiwa utalii. Ulikuwa mpango wenye maana: Matrah imebanwa na milima, malori yalikuwa hayana pa kupita, na Sohar ina nafasi. Leo gati zilizokuwa na makontena zinapokea meli za watalii msimu wa baridi, nao wanateremka kuja kupiga picha sokoni na kwenye ngome ya Wareno. Lakini kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi haikuwahamisha makarani wote. Mkataba wake ukakwisha, na mwajiri akakataa kumpa barua ya kutokuwa na pingamizi. Kwa kanuni za wakati ule, asiye na barua hiyo hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine. Alitakiwa atoke nchini akae miaka miwili ndipo arudi.

Akatoka. Alikuwa ameishi Oman miaka 18. Akakaa kwao Wete hadi 2016, akarudi kwa kafili mpya, anafanya kazi ya ghala. Kwa sheria ya zamani alibakiza miaka miwili tu atimize 20. Kwa sheria mpya angekuwa amepitiliza. Lakini mfululizo ulikatika, basi hesabu yake inaanza 2016 na itatimia 2031. Hakuvunja sheria yoyote, hakuiba, hakupigana. Bandari ilihama, na miaka yake 18 ikafutika.

Namshukuru Sultan Haitham na serikali yake kwa kuona baadhi ya mambo haya. Tangu Januari 2021 mfanyakazi aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ile barua. Mwaka 2022 kikaondolewa kikomo cha umri wa miaka 60 kwa wafanyakazi wageni wa sekta binafsi, kikomo kilichokuwa kikiwarudisha watu kwao wakati ule hasa ambapo wamekaa vya kutosha kuomba. Haya ni marekebisho ya kweli, nami nimeyaona yakiokoa watu. Lakini hayawarudishii watu miaka waliyopoteza kabla yake.

Jirani yangu hesabu yake haikukatika. Ana miaka yote, ana Kiarabu, ana cherehani zake na kipato chake. Nilipomwambia apeleke maombi, alinijibu kwa swali ambalo sikuweza kulijibu: "Nikikataliwa, nitaambiwa kwa nini?" Sheria ya 2014 iliipa wizara uwezo wa kulikataa ombi bila kutaja sababu, na ikaziweka kesi za uraia nje ya mahakama. Yeye anaogopa kwamba kukataliwa bila sababu kutamwachia alama asiyoweza kuifuta, kwa kuwa hatajua iko wapi. Angeambiwa Kiarabu chake cha kuandika ni dhaifu, angekwenda darasani. Angeambiwa karatasi moja imekosekana, angeitafuta. Pasipo sababu, hana cha kurekebisha. Kwa hiyo haombi, na sheria iliyotungwa kwa ajili ya watu kama yeye inapita mlangoni kwake bila kumgusa.

Msomaji wa Dar es Salaam asiseme haya ni mambo ya Waarabu. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji wa tajnisi awe amekaa nchini miezi 12 iliyotangulia ombi lake, na kabla ya hapo awe amekaa jumla ya miaka 7 katika kipindi cha miaka 10. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na awe na nia ya kuendelea kuishi nchini. Ni masharti mepesi kuliko ya hapa. Ila sheria hiyohiyo inasema Waziri halazimiki kutoa sababu ya kukubali au kukataa, na kwamba uamuzi wake hauhojiwi mahakamani. Maskati na Dodoma, katika hili, zimeandika kwa kalamu moja.

Na tunajua matokeo ya kumweka mtu bila jibu. Mwaka 2010 Tanzania ilifanya tendo la ukarimu ambalo mataifa mengi tajiri hayajalifanya: iliridhia kuwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto wao, waliokuwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watu hao waliukana uraia wa Burundi kama walivyotakiwa. Kisha vyeti vikakaa. Walitakiwa kwanza wahame makazi waliyoyalima kwa miaka karibu 40 na kutawanywa mikoa mingine, mpango ambao baadaye uliachwa. Hadi mwaka 2014, Rais Jakaya Kikwete alipoanza kuwakabidhi vyeti, walikuwa wameachia kamba ya kwanza na ya pili hawajaishika. Ukarimu ulikuwa wa kweli, na subira ile ilikuwa chungu vilevile.

Kenya nako, Wamakonde walioletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huko Pwani waliishi bila uraia hadi wajukuu wao wakazaa. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai jibu, na mwaka uliofuata wakapewa vitambulisho. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi ambao samaki wao wameliwa na kila kabila la pwani ile, walitambuliwa mwaka 2023. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mgeni aliyekaa kihalali miaka 7 mfululizo anaweza kuomba uraia. Wapemba walikaa vizazi. Kilichokosekana kwao ni karatasi ya kuanzia kuhesabu, na mtu wa kuwaambia kwa nini hawahesabiwi.

Pale serikali inapokwepa kujibu, huzuka ufumbuzi wa ajabu. Umoja wa Falme za Kiarabu ulikuwa na maelfu ya watu wasio na uraia wowote, na miongoni mwao wamo wenye asili ya Zanzibar. Badala ya kuwajibu, zilinunuliwa pasi za Comoro, kwa sheria iliyopitishwa Moroni mwaka 2008. Mtu aliyezaliwa Dubai akapewa pasi ya visiwa asivyovijua na visivyomjua. Mambo hayo yaliishia mahakamani: Novemba 2022 aliyekuwa Rais wa Comoro, Ahmed Abdallah Sambi, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini katika kesi ya uuzaji wa pasi hizo.

Najua hoja za wanaopinga, na ndugu zangu wa damu ni miongoni mwao. Oman ina watu zaidi ya milioni 5, na zaidi ya asilimia 40 ni wageni. Uraia hapa una uzito: unakuja na kiwanja, masomo na ulinzi wa jamii. Mlango ukiwa wazi kabisa, wanasema, wenye nyumba watakosa pa kukaa. Hofu hiyo siidharau. Kila nchi ina haki ya kusema ni wangapi itawapokea na kwa masharti gani. Ikitaka kuandika miaka 15, iandike. Ikitaka 20, iandike 20. Ninachokiomba hakiongezi raia hata mmoja asiyestahili. Naomba anayekidhi masharti ajue ombi lake limefikia wapi, na asiyekidhi ajue amepungukiwa na nini.

Wala Matrah yetu haina sababu ya kuwaogopa waliokuja kwa bahari. Mkabala na bandari upo mtaa wa ukuta, Sur al-Lawatia, ambao wenyeji wake mababu zao walitoka Bara Hindi, na wakati mmoja wengi walihesabiwa kuwa chini ya Uingereza. Leo ni Waomani, na wametoka humo mawaziri na matajiri wa nchi. Wabaluchi wamelinda ngome za nchi hii kwa karne nyingi. Familia ya Khimji ilianza biashara Maskati mwaka 1870, na mzee wao Kanaksi Khimji, Mhindu wa dini na Muomani wa uraia, aliyefariki Februari 2021, alipewa hadi cheo cha ushekhe. Nchi haikupungua kwa kuwapokea. Na sisi tuliorudi na Kiswahili chetu, tuliochekwa vibaya kwa lafudhi na kuitwa Wazanzibari hadi leo, tumefundisha watoto wa nchi hii na kuwatibu wagonjwa wake.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Hawakusema alime miaka 30 bila kuambiwa kama shamba litamtambua.

Basi napendekeza mambo matatu. La kwanza, miaka ihesabiwe kwa jumla, kama inavyofanya Tanzania, ili mtu aliyelazimika kutoka kwa sababu isiyo kosa lake asirudishwe mwanzo. Karani wangu wa Pemba ana miaka 18 ya kwanza na miaka yake tangu 2016; mtu mwenye haki akijumlisha hawezi kumwita mgeni wa juzi.

La pili, kila ombi lipewe jibu la maandishi ndani ya muda uliotangazwa, lenye sababu, na mwombaji apate pa kukata rufaa, hata kama ni kamati ya wizara yenyewe. Pale penye siri ya usalama, isemwe kwamba ni sababu ya usalama. Hata hilo ni jibu.

La tatu ni kwa nchi tulizotoka. Oman inataka uache uraia wa kwanza, na Tanzania inamfuta raia wake anayechukua uraia mwingine kwa hiari. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu 2010, na Tanzania imechagua njia ya hadhi maalumu kwa watu wenye asili yake walioko nje. Nami naiomba Tanzania jambo dogo kuliko uraia pacha: raia wake asifutwe mpaka cheti kipya kiwe mkononi mwake, na nchi mpya ikimvua uraia, ile ya kuzaliwa impokee bila kumzungusha. Yaliyowapata watu wa Katumba kati ya 2010 na 2014 yasimpate mtu mwingine.

Kwa wanaonijia barazani, na kwa wenzao wasioweza kufika, neno langu ni hili. Usitupe pasi ya zamani hata ikijaa, kwa kuwa mihuri yake ndiyo ushahidi wa siku zako 90. Weka kila mkataba na kila risiti ya mshahara. Mpeleke mwanao akasome Kiarabu cha kuandika, na wewe kakae naye dawati moja. Kabla ya kutia saini ya kuuacha uraia wa kwenu, jua ardhi yako na urithi wako huko vitakuwaje, na zungumza na mwenzio wa ndoa. Kisha ukitimiza miaka, omba. Usikae kimya kwa hofu kama jirani yangu, kwa sababu sheria isiyotumiwa na wanaoistahili hubaki maandishi tu.

Jirani yangu nimemwambia nitakwenda naye, nimbebee faili. Amekubali kufikiri. Wenye mamlaka Maskati, Dodoma na Nairobi wanaweza kumrahisishia uamuzi huo kwa kuongeza kifungu kimoja katika sheria zao: kwamba mwombaji atajibiwa, na atajibiwa kwa sababu. Hakihitaji bajeti wala wizara mpya. Kinahitaji serikali ikubali kwamba mtu aliyeipa umri wake ana haki ya kujua imeamua nini juu yake.